Mbolea ya Majaribio

Wananchi wa Kitale na viunga vyake wajulishwe rasmi kwamba Wakonyo, karani wa ushirika wa wakulima, sasa ni mtaalamu wa mitambo. Amejifundisha mwenyewe kwa kitabu kinene kuhusu skripti, yaani amri unazoiandikia kompyuta ili ijifanyie kazi yenyewe.

Jumamosi asubuhi aliandika yake ya kwanza, ya kujitumia ujumbe wa majaribio. Kwa mzaha akaweka: "Mbolea ya bure imefika. Njoo na gunia." Akabonyeza. Simu yake ikalia, akatabasamu. Ikalia tena. Kisha ikalia ya mlinzi, na ya mama wa chai, na Wakonyo akang'amua: ujumbe ulikuwa unaenda kwa wanachama wote, na haukomi.

Angechomoa waya, lakini kompyuta inayotuma iko makao makuu Bungoma, na huko wamefunga hadi Jumatatu.

Kabla ya adhuhuri bodaboda zilijaa langoni pa ofisi ya Kitale, kutoka Naitiri, kutoka Chwele, kila mtu na gunia lake.

"Ati bure! Si mfungue, bana!"

Lango likatikiswa. Simu zao zote zikalia kwa pamoja, wakatikisa zaidi. Wakonyo alijibanza nyuma ya kabati, kitabu kifuani.

Meneja Makokha akamfuata huko kwa kutambaa.

"Mtaalamu wetu," akanong'ona, jasho likimtiririka, "zima hiyo kitu kabla hawajatuchoma."

"Kuzima ni sura ya nne, bosi. Mimi niko ya tatu."