Nilimtangaza Zenebech Amekufa, Naye Anafua Mashuka

Wewe unayesoma, acha kujikausha. Mlango ule wa jirani anayeuguza unaujua. Ukiupita unaongeza mwendo, unajifanya simu imeita.

Mimi nilijikausha miezi saba, na ukuta wangu na wa Zenebech ni mmoja.

Hapa Dessie, Ethiopia, nilikuwa mpiga tarumbeta wa idir, chama chetu cha kuzikana. Alfajiri nikipuliza na kutaja jina, mtaa mzima unakuja na hema, masufuria na machozi, na wafiwa wanakaliwa matanga siku tatu. Asiyefika anaonywa.

Meklit, binti wa Zenebech, kosa lake ni moja: aliugua, hakufa.

Kinga ya mwili wake iligeuka, ikaushambulia ubongo. Akawa anaanguka kifafa, anamng'ata mama yake, anamuuliza, "We mwanamke ni nani?"

Daktari alisema dawa zitafanya kazi, ila polepole. Asiachwe peke yake hata dakika.

Nani ashike zamu? Shangazi yake Yeshi alikuja akashauri, "Mpeleke kwenye maji ya baraka kanisani," akaenda zake. Hata jagi hakuleta.

Zenebech akakosa mazishi mawili. Mzee Tessema, mwenyekiti wetu, akampelekea barua ya onyo. Mimi ndiye niliyeibeba.

Nikamkuta amelala wima, kaegemea mlango, mwiko mkononi, mchuzi wa shiro unaungua jikoni.

Kesho yake alfajiri nikapuliza.

"Zenebech amefariki."

Walikuja wote. Yeshi alianza kulia tangu kona. Hema likasimama.

Kisha Zenebech akatoka na ndoo ya mashuka.

"We mlevi," Mzee Tessema akaninong'oneza, "maiti iko wapi?"

"Si huyo, mzee? Kafa miezi saba sasa. Nyinyi ndio mmechelewa."

"Umetudanganya."

"Basi ng'oeni hema. Mwambieni mlikuja mkidhani kafa, mnaondoka kwa kuwa yu hai."

Hakuna aliyegusa kamba.

Yeshi akavua shali, akapokea ile ndoo. Wakapangiana zamu za kumlinda Meklit. Zenebech akalala kama gogo.

Siku ya tatu Meklit akatoka, akaliona hema.

"Nani kafa? Si mama?"

Miezi saba hakuwahi kulitamka neno hilo, mama.

Tulimwamsha Zenebech aje alisikie.

Tarumbeta wameninyang'anya. Poa tu.

Wewe huhitaji tarumbeta. Weka simu chini, kagonge mlango ule sasa hivi. Usiulize, "Niwasaidie nini?" Sema, "Dada, kalale. Mimi nipo."