Kigoda Changu

Mume wangu alitengeneza milango ya watu miaka thelathini, katika karakana za watu. Alipoachishwa kazi alitangaza kwamba atajijengea karakana yake kwenye gereji ya nyumba yetu. Gari hatujawahi kuwa nalo, kwa hiyo nafasi ilikuwepo.

Alianza na vya kuokota. Mlango uliotupwa ukawa meza ya kazi, jeki mbovu ya lori ikawa jiliwa la kubania mbao, na makopo ya maziwa yakajaa misumari mikuukuu aliyoinyoosha mmoja mmoja. Mimi nilimwomba kigoda tu, maana nilikuwa napika nimekalia ndoo.

“Subiri karakana ikamilike,” akasema. “Haraka haraka haina baraka.”

Nilimwambia baraka hizo zitanikuta na kibiongo. Nikasubiri miaka minne. Karakana ikapata rafu, mimi nikabaki na ndoo yangu na kununa kwangu. Mwishoni alikuwa anaipapasa misumari badala ya kuitazama, nikadhani ni uchovu.

Jana asubuhi aliniita. Karakana imekamilika, akasema, na kazi ya kwanza ni kigoda changu. Akapiga mstari wa penseli kwenye ubao, akashika msumeno, akasita.

“Mama watoto, umeufuta mstari?”

Mstari ulikuwepo, mweusi kama masizi.

“Nimeufuta nilipokuwa napangusa vumbi,” nikasema. “Nisamehe.”

Akachora mwingine, akainama mpaka pua ikagusa ubao, kisha akaanza kuutafuta kwa kidole.