Friji ya Moto, na Yeyo Nyuma ya Pazia

Mzee aliyekuwa karibu kuwa baba mkwe wangu aliniuliza swali fupi, nami nikamjibu kwa neno moja, "Naweza," na kama kuna dakika moja ya maisha yangu ambayo ningeomba nirudishiwe niitumie upya, si ile niliyoanguka na baiskeli katikati ya soko, wala ile niliyofeli hesabu kidato cha nne, ni hiyo ya kusema naweza. Ninyi mnaniona leo na mvi zangu mkadhani nilizaliwa nikiwa mtu wa heshima. Niliaibika mbele ya mchungaji, wazee wa kanisa na kwaya nzima ya akina mama, na suruali yangu ilikuwa imepasuka (hapo tutafika).

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kupanga foleni ya sabuni na sukari, halafu ghafla Arusha mjini kukawa na redio kubwa kama masanduku, jinzi, televisheni, na friji kutoka Dubai zimepangwa barazani kama magunia ya mahindi. Mimi nilikuwa fundi. Nilijifunza kwa fundi mmoja mjini baada ya shule, nikafungua kibanda changu Ngaramtoni, kando ya barabara ya Nairobi, na ubaoni nikaandika kwa rangi nyekundu: FUNDI FRIJI, REDIO, PASI NA KILA CHENYE WAYA. Nilijiona mtu mkubwa sana chini ya ubao ule.

Na nilikuwa nimeposa. Binti aliitwa Naishiye, mchapaji katika ofisi moja kule Olmotonyi, msichana aliyekuwa akicheka kwa macho kabla ya mdomo. Posa ilikuwa imekubaliwa na kilichobaki ni kupanga siku. Baba yake, Mzee Lomayani, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa maneno machache, na minada yote ya upande ule ilimjua.

Sasa huyu mzee akanunua gari. Si pikapu kama wenzake. Wazungu fulani walikuwa wameendesha gari lao kutoka kwao, wakapita jangwani, wakafika kwetu wamechoka, wakaliuza, wakapanda ndege. Lilikuwa gari lenye nyumba ndani: kitanda, jiko, sinki, meza ya kukunja, pazia, na mlango mmoja tu ubavuni. Watu walikuja kulitazama kama wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Mzee alikuwa na mpango wake, kulipeleka kwenye minada ya mbali, alale humo, na mchana auze soda baridi kwa watu waliokuwa wamezoea soda yenye joto la jua.

Jioni moja akaniita niingie. Akapiga magoti mbele ya kabati dogo la mbao, nami nikapiga magoti kando yake. Ilikuwa friji. Akafungua kijimlango cha chini, nikaona mwali wa bluu, mdogo kuliko wa koroboi, umesimama wima bila kutikisika. Kisha akafungua mlango wa juu, akanishika mkono, akauingiza ndani. Barafu.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikiliza. "Sisikii kitu, baba."

"Ndiyo. Hata mimi sisikii kitu."

Hakuna mota, hakuna kompresa, hakuna kuunguruma. Moto chini, barafu juu. Nilikuwa nimefungua friji nyingi sana, na zote zilikuwa na kitu cha kuzungusha, kitu cha kunguruma, waya wa kushika. Hii ilikuwa imekaa kimya kama mtu anayesali. Tulibaki pale tumepiga magoti, mzee na mimi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Mpaka leo nikiikumbuka nywele za mkono zinanisimama. Nilipaswa kuishia hapo, nivue kofia, nimshukuru kwa kunionyesha, nirudi kwangu.

Lakini mzee akanieleza kwamba mtungi wa gesi ni wa kigeni, ukiisha hakuna wa kuujaza mjini, na tena friji yenyewe haimezi hata kreti moja ya soda. Alikuwa ameshanunua nyingine kutoka Dubai, nyeupe, milango miwili, imefunikwa kanga barazani, na jenereta yake. Alitaka hii itolewe, ile iwekwe.

"Utaweza, au nimtafute mtu Nairobi anayezijua hizi? Sema tu."

Naishiye alikuwa anapita nje na sinia la chai. Nikamwona dirishani, naye akaniona. Nikasema naweza.

Kazi ilipangwa Jumamosi, kwa sababu alasiri ya siku hiyo mchungaji angekuja kulibariki gari, na mzee alitaka libarikiwe likiwa kamili. Nilifika asubuhi. Nilifunga gesi vizuri (hilo nijisifu, maana ndilo pekee nililolifanya sawasawa), nikakata bomba lake, nikang'oa bomba la moshi lililopita ukutani, nikafungua skrubu, na kila nilipodhani zimekwisha nilikuta nyingine imejificha. Wale watu walikuwa wameifunga friji ile kana kwamba wanategemea gari lipinduke. Mwisho nikaivuta ikatoka katika kabati lake, kubwa kuliko ilivyoonekana, inanifika kifuani, na mgongoni ina mabomba meusi yaliyojikunja kama utumbo wa mbuzi. Nikachukua kamba, nikapima tundu lililobaki, nikaona ile ya Dubai haiingii, nikachukua msumeno nikaanza kulipanua kabati. Kamba ilikuwa mkononi, na mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka nilipokuwa nimesimama. Nilipima tundu. Sikupima mlango.

Nikaenda kibandani kuchukua nyundo na kuwaita wapakiaji wa mnadani waje kusaidia.

Hapa inabidi niwaeleze jambo, maana ninyi siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu na kuchekeana. Kwetu, wakati ule, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, akimwona njiani anapisha. Mama yake Naishiye, ambaye wote nyumbani pale walimwita Yeyo, yaani mama, sikuwa nimewahi kusikia sauti yake zaidi ya kanisani, na yeye alikuwa mtu wa kuzishika sana hizo adabu. Wiki nzima alikuwa akitamani kuliona gari la mumewe kwa ndani, lakini halikukosa watazamaji, na siku hiyo tangu asubuhi fundi yumo. Aliponiona nimeondoka akaona nafasi yake imefika. Akapanda, akaenda moja kwa moja nyuma kukijaribu kitanda, akavuta pazia.

Mimi nikarudi. Akasikia hatua zangu, akafanya ambavyo mama yeyote mwenye adabu angefanya: akanyamaza kimya nyuma ya pazia, asubiri niondoke.

Sikuondoka. Wapakiaji wakakaa nje wavute, mimi nikabaki ndani nisukume. Tukasukuma, tukavuta, ile friji ya gesi ikaingia mlangoni nusu, ikakaa. Haikurudi ndani, haikutoka nje. (Baadaye sana nilielewa kwamba waliolitengeneza gari lile waliweka friji kwanza, ndipo wakajenga ukuta.) Mlango ulikuwa mmoja tu, maana kati yetu na kiti cha dereva palikuwa na ukuta, na friji ilikuwa imeuziba kama kizibo. Nikapumua, nikajifuta jasho, nikakaa chini kufikiri.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Kikohozi kile nilikuwa nimekisikia Jumapili nyingi kutoka upande wa akina mama. Kilikuwa cha Yeyo. Na wakati huohuo nikasikia kwa mbali wimbo, nikajua kwaya inapanda kilima, na mchungaji yuko mbele yao.

Mzee Lomayani akafika nje ya mlango. "Vipi, fundi?"

"Inatoka, baba."

Mngekuwa ninyi mngesema, baba, friji imekwama, na mama yumo humu ndani, leteni msaada. Mimi nikasema inatoka. Nikaona nikiiondoa haraka nitaruka nje, Yeyo atashuka kwa wakati wake, hakuna atakayejua. Nikashika nyundo, nikaigonga friji mgongoni. Haikusogea. Nikagonga kwa nguvu zaidi, na gari zima likatikisika, na kwaya iliyokuwa imefika uani, ikidhani ni furaha, ikaongeza sauti.

Pigo la tatu au la nne lilitua kwenye bomba.

Lilipiga mluzi kwanza. Kisha ikaja harufu, ya amonia, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye. Ninyi mliokulia kwenye mifugo mnajua mkojo wa ng'ombe wa zizi lililofungwa usiku kucha, sasa chukueni mazizi yote ya Ngaramtoni muyatie kwenye chupa moja, kisha muivunjie puani. Macho yakajaa machozi, koo likafunga. Kile kitu kilichokuwa kimekaa kimya kinasali kilikuwa na hasira hiyo yote ndani yake, na mimi ndiye niliyekwenda kukipiga mgongoni kwa nyundo.

"Mwanangu," sauti ikasema nyuma ya pazia, taratibu kabisa, "hiki kinachouma macho ni nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami. Niligeuza uso ukutani ili nisimtazame, na nikajibu ule ukuta. "Sijui, Yeyo."

Na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema sijui tangu kazi ile ianze.

Dirisha la nyuma, juu ya kitanda, lilikuwa pana, la plastiki, linafunguka kwa kusukumwa nje. Nikavuta shuka, nikajifunika pua, nikapita pembeni ya pazia nikiwa nimeinamisha kichwa, nikalisukuma dirisha mpaka bawaba zikavunjika. Lakini lilikuwa juu, na Yeyo alikuwa mama mnene, mwenye magoti mabovu. Nikasimama pale mikono imening'inia. Ndani hewa ilikuwa inakwisha, na bado nilikuwa nawaza kama inafaa.

"Nishike," akasema.

Sikusogea.

"Nishike, mwanangu. Adabu tutaikuta nje."

Nikamshika. Nikamwinua kama gunia la viazi (Mungu anisamehe), bega langu chini ya nyonga yake, nikampitisha dirishani kichwa kwanza, na kule nje akina mama wa kwaya, waliokuwa katikati ya ubeti, wakanyamaza wote kwa pamoja, kisha wakanyoosha mikono wakampokea. Kiatu chake kimoja kilibaki mkononi mwangu. Halafu nikaruka mimi, komeo la dirisha likashika suruali yangu likaipasua kutoka kiunoni mpaka gotini, nikaanguka kifudifudi karibu na viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Vilikuwa vya mchungaji. Naye, kwa mazoea tu, maskini, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine, akasema, "Bwana asifiwe."

Nami kutoka chini, na kiatu cha mama mkwe mkononi, nikasema, "Amina."

Hakuna aliyecheka. Ndicho ninachokikumbuka zaidi ya vyote. Ningependa wangecheka. Mlima Meru ulikuwa umejifunua wote juu yetu bila wingu hata moja, na watu wote wanaitazama ile friji iliyoning'inia mlangoni, nusu ndani nusu nje, inadondosha maji ya njano, tone baada ya tone. Yeyo alikaa kwenye kiti, wakamwosha macho. Alipoyafungua akauliza kama fundi ameumia. Akajifunga kitenge chake vizuri, akaomba kiatu. Mwanamke aliyebebwa dirishani mbele ya kanisa zima alikuwa ametulia kuliko sisi sote, na mimi nilijisikia mdogo kuliko sisimizi.

Wiki iliyofuata wazee wa ukoo wetu walinipeleka na kondoo, tukaombe radhi kwa kumgusa. Tulidhani hilo ndilo kosa. Mzee Lomayani alimpokea kondoo, akatukaribisha, akatuambia kwamba hata akina mama wa kwaya walimsifu kijana aliyemtoa mama wa watu. Nikaanza kupata pumzi. Kisha akanigeukia.

"La kumshika Yeyo lina kondoo wake, na tumempokea," akasema. "Lakini nilikuuliza kama unaweza, ukasema unaweza. Nikakuuliza tena mlangoni, mke wangu yumo ndani, ukasema inatoka. Hilo kondoo wake simjui. Siku mwanangu yumo hatarini ndani ya nyumba yako, nikiuliza, utaniambia nini?"

 Wazee wetu waliangalia chini. Alisema bila kukasirika, na hilo lilinitia hofu kuliko hasira. Tukainuka, na posa ikaishia hapohapo.

Friji ya Dubai haikuingia popote. Ilikaa barazani kwao miaka mingi, wakihifadhia mbegu. Gari lilikwenda mnadani na tundu lake la bomba la moshi ubavuni, likiuza soda za moto kama za wengine wote. Mimi niliufuta ule ubao wangu, nikaandika upya: FRIJI ZA KOMPRESA TU. Na mteja akileta nisichokijua, namwambia sijui kabla hajakishusha.

Naishiye aliolewa na mwalimu wa Kikatiti. Nami nilioa baadaye, mke mwema, mnamjua, na hata yeye hadithi hii anaijua yote, kwa hiyo simsaliti nikisema mwisho wake ulivyo. Nilisema naweza wakati siwezi, na kwa neno hilo nilimkosa Naishiye.