Filamu ya mashujaa wa kupaa imenigombanisha na binti yangu

Wakuu, habari za jioni. Sina sababu ya kuwadanganya, maana aliyeaibika humu ni mimi mwenyewe.

Mimi ni Mkenya, nauza vipuri hapa Kampala mwaka wa tisa sasa. Sinema niliyozoea ni kibanda cha video cha Namuwongo: benchi la mbao na VJ, yule jamaa anayetafsiri filamu kwa Kiganda huku inaendelea. Majina ya mwisho yakianza tu kupanda, anazima na kuweka nyingine. Ukichelewa kusimama, unalipishwa tena.

Sasa, binti yangu yuko Senior Two, yaani kidato cha pili, boarding. Likizo hii hatuongei. Namuuliza habari za shule, anajibu "nzuri", kisha anarudi kwenye simu.

Mama yake akanishauri nimtoe matembezi. Binti akachagua filamu ya superhero, kwenye jumba la sinema huku Bugolobi.

Jamani, hizi filamu zinaingizaje pesa hivyo? Kila mara nasikia imevunja rekodi ya box office. Mtu mzima kavaa nguo ya kubana, anabomoa mji mzima ili auokoe. Akifa usihangaike kulia, part two atafufuka.

Nikiuliza huyu ni nani, binti ananiambia ilibidi nione kwanza zile kumi na mbili zilizotangulia. Nimekuja sinema au nimekuja mtihani?

Na ukumbi umejaa pomoni. Watu na kazi zao wanapiga makofi.

Nilivumilia. Majina yalipoanza kupanda nikasimama kama kawaida yangu, nikijua binti yuko nyuma. Dada wa mlangoni akaniambia kwa heshima ya Kiganda, "Ssebo, kaa kidogo, filamu bado kwisha." Nikadhani anataka kuniuzia bisi. Nikashuka hadi barabarani.

Kugeuka, binti hayupo.

Kumbe kuna kipande kinafichwa baada ya majina, na ndicho wote wanachokingoja. Ukumbi mzima ulibaki umekaa, niliyetoka ni mimi tu.

Alipotokea nikafoka, ananisimamishaje juani namna ile. Akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu:

"Daddy, wewe unatokanga kabla ya mwisho. Hata visiting day. Wenzangu bado wanakula na wazazi wao, wewe umesharudi dukani."

Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Nikanunua tiketi mbili za show iliyofuata. Nikakaa upya na upuuzi ule wote kungoja kipande cha dakika moja. Chenyewe ni mtu anafungua mlango, basi.

Lakini binti alininong'oneza yule ni nani, akaanzia mbali, akaendelea kunisimulia mpaka tukafika nyumbani.

Funzo: filamu zenyewe bado sizipendi, ila siri ya mauzo yao nimeijua. Ni wazazi kama mimi, tunaolipa mara mbili.

Visiting day ijayo duka litafungwa kutwa. Mliowahi kusutwa na watoto wenu, semeni hapa. Na mwenye kujua zile kumi na mbili naanzia ipi anielekeze, likizo imebaki wiki tatu tu.