Siku Kumi na Mbili Bila Redio

Redio ya mawasiliano katika nyumba ya kaka yangu, Habaswein, ilinyamaza asubuhi ya Jumanne. Miaka ile ya tisini hatukuwa na simu. Kaka alifanya biashara ya ng'ombe, na redio ndiyo iliyomuunganisha na wenzake wa Garissa na Mandera. Yeye alikuwa safarini, hivyo niliitwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi ya redio miaka miwili katika ofisi moja ya misaada kule Hagadera.

Mke wake mdogo alikaa karibu nami nikifungua skrubu. Kwao ni Mandera. Juma lililotangulia mjomba wake alikuwa amemwambia redioni kwamba mama yake amevimba miguu na chakula hakipiti.

"Itapona, abaayo?" aliniuliza. Hivyo ndivyo tunavyomwita dada.

"Itapona."

Nilipima betri, ikawa nzima. Nikabadilisha fyuzi, nikashusha waya wa antena kutoka kwenye nguzo na kuupapasa mwanzo hadi mwisho. Hakuna kitu. Redio ilivuma kwa mbali tu, na nilipobonyeza kitufe cha kusemea, mshale wa mita haukusogea. Siku ya tatu, mke mdogo akiwa ameenda kisimani, nikaanza kukagua kebo inayotoka kwenye redio kwenda juu. Nyuma ya kabati, chini ya kamba iliyoifunga ukutani, nikagusa kitu kigumu. Ilikuwa sindano ya kushonea. Ilikuwa imechomwa katikati ya kebo, ikagusanisha nyaya mbili zisizofaa kugusana. Nilipoichomoa, sauti za watu zikajaa chumbani.

Aliyeingia ni mke mkubwa wa kaka. Yeye ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, nami nilimwita hooyo, mama. Alizima redio.

"Irudishe hiyo sindano," alisema.

"Hooyo, mama yake anaumwa sana."

"Najua. Akiitwa ataenda, na kaka yako atamfuata. Mwaka jana walikaa huko miezi minne, mimi hapa peke yangu na watoto."

"Anaweza kufa."

"Wako alipokufa nilimwosha mimi, na wewe nikakubeba mgongoni. Irudishe."

Niliirudisha. Hakunishika mkono kunilazimisha. Niliichoma mahali pale pale, nikaifunga kamba juu yake vizuri kuliko alivyoifunga yeye.

Mke mdogo aliporudi nilimwambia kuna kipuri kimeungua, na kwamba kinapatikana Nairobi tu. Aliniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua mambo hayo. Tangu siku hiyo kila asubuhi alichukua kitambaa akaifuta redio vumbi, taratibu, hata kwenye matundu ya spika, kisha akaniletea chai ya maziwa ya ngamia na kunishukuru kwa kuhangaika. Niliinywa.

Siku ya kumi na mbili lori kutoka Mandera lilisimama mjini. Dereva alikuwa mtu wa kwao mke mdogo. Alipomwona akampa pole, akidhani anajua.

"Mungu amrehemu mama yako. Ni siku ya tano leo."

Mke mdogo alirudi nyumbani akakaa chini mlangoni. Mchana huohuo nilisikia redio ikiongea chumbani. Hooyo alikuwa ameichomoa sindano mwenyewe, na sasa alikuwa jikoni akipepeta mchele.

Tulimpata mjomba mara moja.

"Tulikuita kila siku," sauti yake ilisema. "Alikuulizia mpaka mwisho. Alitaka kukusikia tu. Mbona hukujibu? Ova."

"Redio ilikuwa imeharibika, ova," mke mdogo alijibu, akimaliza zamu yake kwa neno lile la redioni. Kisha akaninyooshea kipaza sauti. "Mweleze, abaayo. Mimi hataniamini."

Nikakipokea. Nikasema kwa sauti yangu ya kazini kwamba ni kweli, kipuri kiliungua, leo nimepata kingine, ova. Mjomba akasema basi, ni amri ya Mungu.

Mwaka uliofuata mke mdogo alizaa binti, akampa jina langu. Kaka alipomuuliza sababu, alisema nilipigana na ile redio siku kumi na mbili kwa ajili ya mama yake. Hooyo alikuwepo. Alimpokea mtoto, akamtazama, akasema amefanana nami.