Mkutano wa Kusimama wa Donatille

Donatille ana ofisi ya chumba kimoja Mbugangari, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na ana kasoro moja, kama ni kasoro: hapendi kuambiwa kwamba kila kitu ni sawa.

Yeye na wenzake watatu hutengeneza programu za simu. Safari hii programu ilikuwa ya kuwajulisha wauza sambaza, dagaa wa ziwani, huko Nyamyumba mara mtumbwi unapofika, wasishuke ziwani na mabeseni yao bure. Kampuni nyingine iliwahi kuwaletea programu iliyowadanganya, wakarudi mikono mitupu wakiwa wamefura. Donatille aliwabembeleza mpaka wakakubali kujaribu tena, Jumatatu. Akiharibu, hawatamsikiliza tena.

Kila asubuhi timu husimama kidogo, kila mtu aseme amefika wapi. Utaratibu huo umetoka mbali, na huko pengine watu hawaoneani haya. Hapa adabu iliuua. Kila mmoja alijibu, "Iko muzuri," maana nani atajiaibisha mbele ya wenzake? Gad, anayewazidi wote umri, ndiye aliyelisema kwa utulivu kuliko wote.

Donatille hakumgombeza mtu. Ijumaa alisimama akasema, "Mi nimekwama. Ile sehemu ya kuandikisha wauzaji nimeirudilia, bado inanishinda. Nani atanisaidia?"

Bosi mzima, mbele ya wafanyakazi wake. Wale wawili wadogo kwa Gad wakatazama sakafu. Donatille akawangoja.

"Bon," Gad akasema hatimaye. "Mi pia. Wauzaji wakiwa wengi, ujumbe inachelewa. Mama anaipata wakati sambaza imeshauzwa."

"Aksanti, Yaya Gad," Donatille akamjibu, akimheshimu kama kaka mkubwa, na shukrani hiyo ilitoka moyoni.

Mwingine angefumba macho akasubiri Jumatatu. Yeye alipunguza kazi papo hapo: waanze na mwalo mmoja tu wa kushushia samaki na wauzaji wachache, mengine yafuate yakishakuwa tayari. Huo ni ujasiri, watu wasiuite woga. Mchana huohuo alikwenda na Gad hadi Nyamyumba kwa moto, yaani pikipiki za abiria, kila mmoja na yake, kumweleza Kabatesi, kiongozi wa wauzaji, kosa hilo na mpango mpya.

Kabatesi alisikiliza bila kutabasamu. "Nani aliona hiyo makosa?"

"Ni mi, mama," Gad akasema, kisha akamweleza hata lile ambalo bado hajalitatua.

Kabatesi akamnyooshea simu yake. "Andika namba yako humu, papa. Jumatatu ikichelewa, nitaita we."