Matimba Yaliyoandikiwa Wote

Tarsisi, mtoto wa Ushirombo, alikuwa meneja wa duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu, na kwa uzembe hakujulikana kabisa. Hakumshusha mtu shimoni kabla hajashuka yeye. Shida yake ilikuwa moja: kati ya wachimbaji wake tisa, mzee Maduhu alikuwa baba mkwe wake. Tangu amwoe Klara, akimwona mzee anakuja upande huu, yeye hupita upande ule. Kula naye sahani moja hakuthubutu, kumtuma kazi ndiyo usiseme.

Mwezi Machi akaenda semina ya siku mbili Geita mjini, akarudi na kalamu nene na kichwa kimejaa. Walifundishwa kupanga kazi za timu: kila kazi iwe na mhusika mmoja na tarehe yake. Akabandika karatasi kubwa kwenye banda la mabati, akaanza kuandika. Kubadili kamba ya winchi: Magesa, Jumatatu. Kutengeneza pampu ya maji: Samwel, Jumanne. Akafika kwenye matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisiporomoke. Yalikuwa yameoza, ukiyaminya kwa kidole yanatoa maji. Yakiachia, aliye chini hana pa kukimbilia. Na fundi wa matimba pale alikuwa mmoja tu, Maduhu.

Mkono ukagoma. Amwandike baba mkwe wake ukutani, na tarehe juu yake, kama anayemwagiza mtoto dukani? Klara angesemaje? Akaandika: Wote. Tarehe akaiacha wazi. Mtu mzima, ametoka semina juzi, na bado alirudi nyumbani akijiona kafanya jambo la heshima.

Jumatatu kamba ikabadilishwa. Jumanne pampu ikanguruma. Matimba kila mtu aliyapita akijua ni kazi ya wote, yaani ya mwenzake. Maduhu, ambaye hakujua kusoma, alimwomba Samwel amsomee majina. Samwel akayasoma yote. Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, asubuhi, kabla kazi haijaanza, ukuta ukaporomoka. Chini alikuwepo Maduhu peke yake. Walimtoa akiwa hai, lakini mguu wa kulia ulikuwa umesagika, na madaktari wakaukata juu ya goti.

Siku tatu Tarsisi hakukanyaga hospitali. Mara anaandika ripoti, mara anamsubiri mkaguzi. Ukweli aliujua: aibu ilikuwa inamla. Siku ya nne Klara akamsimamia mlangoni.

"Baba anakuulizia," alisema. "Utamkimbia mpaka wodini?"

Akaenda. Alisimama miguuni pa kitanda, macho chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sogea."

Hakusogea. Mzee akamwangalia, kisha akaanza kusema taratibu.

"Samwel alinisomea ile karatasi yako. Wenzangu wote wana majina, mimi sina. Nikajua umeniona nimezeeka, hutaki kunisema mbele ya watu. Nikaona haya kuuliza. Alhamisi nikawahi kushuka, niyapime yale matimba mwenyewe, uone bado naweza."

Tarsisi akainua macho.

"Siyo hivyo, baba. Ni mimi niliyeona haya. Wewe ni mkwe wangu, ningekutumaje?"

Maduhu akapapasa shuka mahali mguu ulipokuwa.

"Nyumbani mimi ni mkwe wako," alisema. "Shimoni ni fundi. Ungenituma tu, Tarsisi."

Tarsisi alisimama pale pale na aibu yake mpaka nesi alipokuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.